Wifi anasema namvua nguo kaka yake

Shikamoo, mama.

Naishi Tanga mjini, nina miaka 49. Mume wangu ana 61, ni fundi seremala. Mwaka juzi, alipotoka tu kuswali alfajiri, alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Sasa anaweza kukaa, na nikimshika anapiga hatua chache, lakini mkono wa kulia haunyanyuki, na akitaka kusema jambo kinachotoka ni "basi, basi" tu. Akitaka maji ni "basi". Akitaka choo ni "basi". Nisipomwelewa anapiga kitanda kwa mkono wa kushoto na machozi yanamtoka.

Siku yangu huanza kabla ya adhana. Nambadilisha, namwosha, namtilia udhu, namkalisha kwenye kiti cha plastiki ambacho kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa mume wangu alikitoboa katikati, tukaweka ndoo chini yake. Halafu uji, dawa, kufua. Nilikuwa na meza yangu ya chai na vitumbua hapo nje. Nimeifunga, maana kabla kitumbua hakijaiva nimeshaitwa ndani. Mwanzoni watu walijaa nyumbani. Ndugu zake walikuja na machungwa, na sabuni, na maneno mazuri. Baadaye ikawa simu. Siku hizi hata simu ni Idi kwa Idi. Na wote huuliza "mgonjwa anaendeleaje?" Mimi hakuna anayeniuliza. Kuna usiku namsikia ananiita nami nimelala macho wazi, namwomba Mungu anyamaze kidogo tu, kisha naona vibaya kwamba nimewaza hivyo.

Kilichoniokoa ni benchi la hospitalini, pale tunaposubiri mazoezi ya viungo. Tunakaa na wagonjwa wetu, tukaanza kusalimiana, tukapeana namba, sasa tuna kundi la WhatsApp. Yumo mama mmoja ambaye mumewe alianguka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo. Huyo ndiye aliyenifundisha kumfunga mume wangu kanga kiunoni na kumnyanyua kwa kuishika hiyo kanga, badala ya kumvuta mkono. Yumo mzee mmoja anayemuuguza mkewe. Siku moja aliuliza mbele yetu sote nywele za mkewe azichaneje zisimuume, na mama mmoja akainuka akamsuka yule bibi pale pale kwenye benchi, tukisubiri zamu. Mama, sijui nikueleze vipi, lakini siku ile nilirudi nyumbani nimepumua.

Sasa wifi yangu alikuja, akasikia ujumbe wa sauti niliotuma kundini nikiuliza pampasi gani za wakubwa hazivuji usiku. Akaja juu. "Unamvua nguo kaka yangu mbele za watu! Na wanaume wamo humo!" Akampelekea habari mama mkwe. Mama mkwe anasema kwao mgonjwa husitiriwa, hatangazwi. Anasema pia kwamba huu si ugonjwa wa hospitali, ni jini, kwa sababu mume wangu Alhamdu anaisoma mpaka mwisho bila kukwama, iweje ashindwe kuomba maji? Wanataka kumpeleka kwa mganga Handeni, na vidonge vya presha viwekwe pembeni kwanza visije vikagongana na dawa za huko. Na juu ya yote, mama mkwe kaniambia kwa kuwa mimi ni mkewe, nikimgusa udhu wake unatenguka, kwa hiyo swala zake zote tangu augue mimi ndiye niliyeziharibu.

Nimemkosea mume wangu? Nitoke kwenye kundi? Wifi nimfanyeje, na ndiye ndugu pekee anayeishi karibu?

Anayeuguza,
Tanga

—

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Na wewe je, jana ulilala?

Nitaanza na vidonge, ingawa hukuviweka katika maswali yako, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki lakini hilo halisubiri. Dawa ya presha isiwekwe pembeni hata siku moja, kwa ajili ya mtu yeyote. Aliyewahi kupata kiharusi yuko karibu na cha pili kuliko mtu ambaye hajawahi, na presha ikiachwa ipande ndiyo inayomvuta huko. Wakitaka kumsomea dua, wasome, na wewe itikia amina. Wakitaka kumpeleka popote, mwambie mama mkwe kwa adabu yote kwamba daktari amekukabidhi dawa hizi na huwezi kuziachisha bila yeye. Mtupie daktari lawama, anaweza kuzibeba. Na ukiona mdomo umepinda zaidi, au ule mkono wa kushoto ulio mzima umelegea ghafla, au amekuwa mzito wa kuamka, usimpigie mtu simu kuomba ruhusa. Tafuta bajaji, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa Alhamdu. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi, na jambo hili nimeliona kwa Waislamu na kwa Wakristo. Nimemwona mtu ambaye hawezi kulitaja jina la mwanawe, lakini ukianza Baba Yetu anaimaliza pamoja nawe. Kwa watu wengi sehemu ya ubongo inayotunga maneno iko upande wa kushoto, na upande huo huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mumeo amepoteza vyote viwili kwa pamoja. Kuomba maji kunahitaji utafute neno, ulipange, ulitamke. Alhamdu ameisoma tangu yuko madrasa, mara nyingi kwa siku, imeshuka mahali pengine kabisa, pamoja na nyimbo na kuhesabu. Barabara kuu imekatika, lakini kinjia cha zamani bado kinapitika. Si jini, wala si kiburi, wala si kwamba hataki kuongea na wewe. Mweleze mama mkwe hivyo, na usimweleze kwa hasira, kwa sababu huyo ni mama anayetazama mwanawe akiwa vile na anatafuta sababu ambayo ina dawa. Ukiweza, siku ya kliniki nenda naye. Akilisikia kutoka kwa mtaalamu wa mazoezi litamwingia kuliko likitoka kwa mkwe.

Tena hicho kinjia kitumie. Watu wengi wasioweza kuongea wanaweza kuimba maneno, kuhesabu, kutaja siku za wiki kwa mfuatano. Mkae jioni mhesabu pamoja, msome pamoja. Hata kama maneno mengine hayatarudi, atasikia sauti yake mwenyewe ikitoka sawasawa, na kwa mtu ambaye kutwa nzima anatoa "basi" hiyo ni nafuu kubwa.

Twende kwenye swali lenyewe. Umemkosea? Hapana. Lakini wifi yako naye hakukurupuka tu, kuna kitu amekigusa, na sitaki tukipite kwa sababu amekisema kwa ukali.

Mumeo ni fundi. Ni mtu aliyekuwa akiingia kwenye nyumba za watu na kuheshimiwa. Mkojo wake, mwili wake, kulia kwake ni vyake. Uchovu wako, mgongo wako, meza yako ya vitumbua iliyofungwa, usiku wako wa kulala macho wazi ni vyako, na vya kwako una haki ya kuvisema kwa yeyote unayemwamini bila kuomba ruhusa kwa mtu. Shida ni kwamba katika kuuguza mambo haya mawili hushikana. Huwezi kusema kwa nini hulali bila kutaja kinachokuamsha.

Basi muulize mwenyewe. Katika barua yako nzima watu wanazozana juu ya heshima ya mtu ambaye hajaulizwa, naye yumo chumbani humo humo anasikia. Mtu aliyepotewa na maneno mara nyingi anaelewa mengi kuliko tunavyodhani. Chagua saa ambayo ameshakula na hajachoka. Zima redio. Kaa mbele yake, upande anaokuona vizuri. Sema sentensi fupi, moja moja: "Kuna watu wa hospitali wanaonisaidia. Nawauliza mambo ya kukuuguza. Unakubali?" Kisha nyamaza, umpe muda mrefu kuliko unavyoona unatosha. Aitikie kwa kichwa, au kwa kidole gumba. Na kwa kuwa wagonjwa wa namna hii huchanganya ndiyo na hapana, geuza swali: "Unataka niache?" Majibu yakipingana, rudia kesho. Akikubali, umemaliza kazi, na wifi akija tena utamjibu kwamba kaka yake ameridhia. Akikataa baadhi ya mambo, mheshimu katika hayo, na tafuta njia nyingine ya kuyauliza.

Njia hiyo ipo. Kundini uliza juu ya kitu, si juu ya mtu. "Pampasi gani hazivuji usiku?" ni swali la dukani, halina jina la mtu ndani yake. Picha ya mgonjwa isiingie humo kamwe, hata ya kidonda, hata kwa nia njema, labda yeye mwenyewe awe ameridhia. Na yale mazito ya mwilini mweleze mtu mmoja pembeni, yule mama wa mnazi kwa mfano. Simu yako iwekee namba ya siri. Naamini hata wenzako watashukuru mkikubaliana hivyo wote, kwa sababu kila mmoja ana wifi wake nyumbani.

Juu ya yule mzee kuwa humo, sioni aibu. Naona mwanaume anayechana nywele za mkewe. Ila nyie ni watu wa Tanga na mnajua maneno ya mtaa, kwa hiyo fanyeni mambo yenu wazi. Mkikutana iwe hospitalini au barazani kwa mtu, mchana, na wagonjwa wakiwapo. Siku moja mkaribishe huyo mzee na mkewe nyumbani, mama mkwe awe amekaa hapo. Akishamwona kwa macho yake maneno yatapungua.

Usitoke kwenye kundi, mwanangu. Badala yake lifanyeni lifanye kazi zaidi. Sasa mnapeana maarifa na pole, na hilo ni kubwa. Hiyo kanga ya kiunoni peke yake imemwepusha mumeo na bega kuteguka, maana bega la upande uliokufa halina misuli ya kulishika na ukilivuta linatoka mahali pake. Lakini mnaweza kupeana na muda. Mtu mmoja anaweza kukaa na wagonjwa wawili kwa saa kadhaa kama wote wanakaa kitini na wameshalishwa. Alasiri moja uwe na mumeo na mume wa mwenzako, yeye aende sokoni, aende benki, alale tu kama anataka kulala. Wiki inayofuata iwe zamu yako. Anayekwenda duka la dawa la jumla awanunulie wote. Kiti mwendo kisichotumika kikope mwenzio. Mgonjwa akilazwa, nyote mnajua hospitali zetu zilivyo: chakula kinatoka nyumbani, nguo zinafuliwa na nyumbani, na anayeuguza analala palipopatikana. Pangeni tangu sasa nani atapika na nani atabaki na watoto. Mchango wa fedha uwepo ukihitajika, ila ushauri wangu ni kwamba msianze nao. Vikundi vingi vilivyokuwa vya upendo nimeviona vikivunjika siku ya kuhesabu hela.

Kuna jambo moja najua hamtaki kulitaja, nami nitalitaja. Wagonjwa wenu wengine watatangulia mbele ya haki kabla ya wengine. Kwa Waislamu mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo haji kwenye benchi. Kundi liende kwake. Asiondolewe kwenye orodha eti kwa sababu hana tena mgonjwa. Miezi ile ndiyo mikono inakosa kazi na usiku unakuwa mrefu kuliko ulivyokuwa wakati wa kuuguza. Na akitoka eda atakuwa ndiye anayejua mengi kuliko nyote, wapya watajifunza kwake.

Udhu. Mimi si sheikh na fatwa sitoi, lakini mama mkwe hakuzua. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na humo ngozi ya mke na mume zikigusana udhu hutenguka. Kuna madhehebu mengine yenye kauli nyingine. Kilicho muhimu kwako ni kwamba kinachotengua ni ngozi kwa ngozi. Vaa glavu zile za hospitali, au pitisha kitambaa, na umtilie maji kama kawaida. Kama una mtoto wa kiume au kijana yule fundi yupo karibu, wao wakimgusa hakuna tatizo. Kama mkojo haumpi nafasi, hilo nalo lina hukumu yake ya dharura, na vilevile kuswali amekaa au amelala. Kwa swala zilizopita muulize imamu wa msikiti wake, tena muulize mbele ya mama mkwe. Lakini neno la kwamba wewe umeziharibu swala zake usilibebe hata dakika moja. Mtu anayeamka kabla ya adhana amsaidie mgonjwa wake kuelekea kibla haharibu kitu.

Na wifi. Umesema ndiye ndugu pekee aliye karibu, kwa hiyo usigombane naye, mpe kazi. Watu wengi hawasaidii kwa sababu wanaogopa. Hawajui washike wapi, wanaogopa kumwangusha, wanaona aibu kumwona kaka yao vile, basi wanabaki mlangoni wakikosoa. Usimwambie "njoo unisaidie", maana hilo halina mwanzo wala mwisho. Mwambie: "Wifi, Jumanne asubuhi naomba umpe kaka yako uji, mimi nitoke." Kisha mwonyeshe mara moja: akae wima kabisa, uji uwe mzito kidogo kwa sababu mwepesi humpalia, kijiko kidogo, asisemeshwe wakati wa kumeza, mwisho amtazame ndani ya shavu la kulia maana chakula hujificha huko bila yeye kuhisi, na akae nusu saa nyingine kabla ya kulala. Muache afanye, nawe utoke kweli, usisimame dirishani. Akishampa kaka yake uji kwa mkono wake Jumanne kadhaa, atakuja kuuliza mwenyewe pampasi zinauzwa wapi.

Hukuniambia marafiki wa mumeo wako wapi. Nadhani wameacha kuja, kwa sababu mwanaume akienda kumwona mwenzake asiyeongea hajui akae vipi. Lakini dhumna na bao havihitaji maneno, na mkono wa kushoto unatosha. Mwite mmoja tu, yule aliyekuwa akicheza naye zaidi. Mwambie aje baada ya alasiri na dhumna zake. Akishindwa kuhesabu vizuri wamvumilie, akishinda wasimwonee huruma. Na saa hiyo moja wako wawili barazani, wewe una saa yako.

Katika saa zote hizo usisahau kwamba huyu ni mumeo. Kutwa unamgusa kwa kazi: kumwosha, kumgeuza, kumnyanyua. Mguse mara moja kwa siku bila kazi. Kaa kando yake, shika ule mkono wa kushoto, msikilize taarabu mliyokuwa mkiipenda. Umeniandikia ukurasa mzima na hujasema kwamba unamkosa, ila mimi nimelisoma.

Mambo ya gharama nitayapitia haraka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mumeo amefika. Pale hospitalini ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, mweleze afisa hali yenu, ulizia msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza na barua gani inatakiwa kutoka kwa mtendaji wa mtaa. Ulizia pia bima, kwa kuwa sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 na utaratibu wake waulize wao wakueleze ulivyo hapo kwenu. Nenda na kitambulisho chake na kadi ya kliniki, wasikurudishe. Na meza ya vitumbua ifungue, hata kwa asubuhi hiyo moja ya Jumanne. Najua haitatosha kulipa kitu, lakini wateja wako watakuuliza habari zako wewe.

La mwisho ni agizo. Siku ya mazoezi ijayo, mumeo akishaingia ndani, nenda upimwe presha yako. Una miaka 49, hulali, unanyanyua mtu mzima kila siku, na sijaona popote katika barua yako kwamba kuna aliyekupima. Iandike kwenye kadi, tarehe na namba zote mbili, ya juu na ya chini, na wenzako wa kwenye benchi wapimwe pia siku hiyo hiyo. Kisha niandikie matokeo yako, na unieleze mumeo alijibu nini.